Mkalimani wa Banda la Video

Katika banda la video nyuma ya soko la Kakamega, mkalimani hakuketi kamwe. Alisimama kando ya televisheni, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kwa sauti iliyokwaruzwa na kushindana na jenereta. Kila mkanda wa kisa cha kweli aliutazama kwanza peke yake, asije akawadanganya watu. Jumamosi hiyo ulikuwa wa mkimbiaji aliyeumia mguu.

“Mkalimani, huyu lazima ashinde!” alifoka Shikanga, mkata miwa, kutoka benchi la mbele. “Kule banda la Osiako kila mtu anashindanga, hata maiti! Tutahamia huko!”

Watu wakacheka. Mwenye banda, mlangoni, akiogopa kupoteza wateja, akamwashiria mkalimani azime televisheni kabla ya mwisho. Mkalimani alijua kibarua chake kingeota nyasi siku hiyo hiyo, lakini akasogea akaikinga swichi kwa mgongo.

“Ndugu zangu, ameshindwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sitaipaka rangi. Lakini tazameni, bado anakuja.”

Watu wakainama mbele kwenye mabenchi. Mkimbiaji akauburuta mguu wake hadi mwisho, wenzake wakiwa wamekwisha kuvaa medali.

“Bwana mkalimani,” Shikanga akasema polepole, “hebu rudisha nyuma kidogo. Tumwone tena akifika.”