Mama Kau na Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Saa mbili na nusu asubuhi. Dari la duka la dawa limevimba katikati na maji yanadondoka juu ya kaunta. Mama Kau amesimama kwenye swichi kuu akiwa na buti za mpira. Umeme ameshauzima, na mfamasia anataka auwashe.

"Kwenye friji kuna insulini na chanjo za watoto," anasema mfamasia. "Zikipata joto, nazitupa zote."

"Baba, dari likishuka umeme ukiwa umewaka, hatabaki wa kuzitupa."

Mama Kau anamwagiza mwenzake alete kasha la barafu, dawa zihamishwe, na watu wote watoke chini ya dari. Kisha anapanda ngazi kwenda maji yanakotoka.

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kukausha majengo yaliyoingiwa na maji. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa kuwa haondoki mahali mpaka ukuta uwe mkavu kau.

Anasema dukani na nyumbani maji ni yaleyale, ila watu hawafanani. Mwenye biashara hupiga simu dakika ileile, hukukabidhi funguo, hukuonyesha kila kona, halafu swali lake ni moja tu: atafungua lini?

"Nyumbani wanakuita wakiwa wameshachelewa," anasema. "Na ukifika, wanakuficha."

Ndivyo ilivyokuwa ghorofani asubuhi ile. Aliyefungua mlango alikuwa bibi mmoja, mpishi mstaafu wa shule, anayeishi peke yake. Mama Kau alimwamkia kwa heshima, akamweleza kwamba koki kuu ya jengo imeshikwa na kutu na haizunguki, kwa hiyo anatafuta koki ya ghorofa hiyo. Bibi alijibu kwamba kwake kukavu, wajaribu kwa jirani.

Lakini zulia lilikuwa linatoa maji kila lilipokanyagwa. Mama Kau aliomba ruhusa ya kupita, akakisogeza kipima unyevu chake ukutani hadi chumbani. Karibu na kabati la nguo namba zilipanda ghafla. Bibi akaja akasimama kidete mbele ya kabati, mikono nyuma.

Simu ikalia. Mwenzake wa chini alisema dari limeanza kupasuka.

Mama Kau angeweza kumsukuma bibi pembeni, na anakiri kwamba wazo hilo lilimpitia. Badala yake akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Bibi, hata mimi niliwahi kuficha ukuta," akasema. "Niliufunika kwa pazia, nikiogopa mwenye nyumba atanifukuza. Binti yangu akakohoa miezi mitano, mpaka akalazwa."

Bibi akauliza, "Amepona?"

"Amepona. Ila kifua chake ndicho kilichonifundisha kazi hii."

Bibi akasogea. Wakalisukuma kabati wote wawili. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweusi tangu sakafuni hadi kifuani, na plasta ikaporomoka ilipoguswa. Koki ilikuwa hapo hapo. Mama Kau aliing'ang'ania kwa spana hadi ikakubali.

Chini, nusu ya dari ilianguka juu ya kaunta, pale alipokuwa amesimama mfamasia robo saa kabla. Hakuna aliyeumia. Insulini ilikuwa salama kwenye barafu.

Duka lilifunguliwa siku ya nne. Mashine sita ziliunguruma usiku na mchana, mbao zilizolowa zikang'olewa, na hakukuwa na mtu wa kulalamikia kelele. Ghorofani kazi ilichukua wiki tatu. Bibi hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo mashine zilizimwa alipolala, na kila kitu kilichotolewa alitaka kwanza akishike mwenyewe.

Kwenye ripoti Mama Kau aliandika alichokiona: bomba lilianza kuoza ndani ya ukuta kabla bibi hajahamia. Mwenye nyumba ameisoma. Mpaka tunakwenda mitamboni hajasema kama bibi atabaki, na kila hatua ya mtu kwenye ngazi humshtua bibi huyo.

Mama Kau naye hajatulia. Amemwomba bosi wake ruhusa ya kuzunguka majengo makuukuu kila Jumamosi na kipima chake, akague bure kabla bomba halijapasuka. Bosi alisema atafikiria. Mama Kau hakumsubiri.

Jumamosi iliyopita alibisha hodi milango kumi na mmoja, ikafunguliwa minne. Katika mmojawapo, baba mmoja alimkaribisha sebuleni, akamjulia hali, kisha akaenda kusimama mbele ya pazia lililofunika ukuta usio na dirisha.

Mama Kau hakumsogeza. Alimuuliza habari za watoto, akaaga.

"Jumamosi hii narudi kwake," anasema.