Rota Mfukoni

Miaka ile ya foleni za sukari nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mke wa Kichaga na gari kuukuu. Mke alinipenda, ila mama yake hakunikubali. Alitaka bintiye aolewe Moshi, si kwa karani wa Masasi aliyepanga vyumba viwili Kariakoo. Alipokuja kwa ubatizo wa mtoto wetu aliniita "bwana", kama anavyoitwa mkata tiketi. Tumaini langu la kupendwa likabaki kwenye gari.

Nalo lilikuwa linamisi. Ndivyo mafundi wa mtaa wa Gerezani walivyosema gari likikohoa na kutetemeka badala ya kwenda. Sikutaka fundi. Nilikuwa nimesoma kitabu cha magari hadi nusu, na nusu ile ilinitosha kuwa mjuaji. Nikasugua plagi kwa msasa. Nikafungua kabureta, nikairudisha, ikabaki skrubu moja ambayo nilimficha mke wangu. Nikalaumu petroli. Nikailaumu na serikali, kimoyomoyo.

Kitu ambacho sikukishuku ni busara yangu mwenyewe. Wenye magari tulijihami na wezi kwa kutoa rota, kile kidude kinachozunguka ndani ya distribyuta na kuzigawia plagi moto. Bila rota gari haliwaki. Wengine walifanya hivyo wakisafiri tu. Mimi kila jioni, majirani wakitazama, nilifungua kifuniko cha distribyuta, nikatoa rota, nikaifunga kwenye leso na kuitia mfukoni, kisha nikaingia ndani kwa mwendo wa meneja wa benki.

Jumapili ya ubatizo tulikula kwa ndugu za mke wangu Ilala, tukachelewa kuondoka. Kila Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, kubana matumizi ya mafuta. Tulipofika Mtaa wa Uhuru gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Mama mkwe yuko kiti cha nyuma na mtoto mapajani, na ng'ambo ya barabara polisi anatazama saa yake.

Nikafungua boneti. Safari hii mkono uligusa kifuniko cha distribyuta, kikacheza. Kibanio chake kilikuwa kimelegea kwa kufunguliwa jioni na asubuhi, kila siku. Kumbe aliyelitia gari ugonjwa ni mimi. Nikaomba chochote cha kufungia. Mama mkwe akachomoa utepe wa gauni la ubatizo na kunipitishia dirishani. Nikakaza kifuniko, nikawasha, gari likaenda bila kukohoa hata mara moja. Saa nane ilitukuta nyumbani.

Mke wangu akauliza lilikuwa na nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kiufundi.

Jioni, kwa mazoea, nikachukua leso nikatoka. Nilikuwa nimeshainua boneti mama mkwe aliponiita kutoka barazani, mahali alipokaa kila jioni tangu afike, akinitazama.

"Mwanangu, leo hicho kidude kiache humo humo. Mwizi akija, mimi nitamsaidia kusukuma."

Majirani wakaangua kicheko kwa huyo mwizi wa kusukumiwa. Mimi nilisimama na leso yangu mkononi, bado nalisikia lile neno la kwanza.