Kivuli Kilipokaribia Kizingiti

Mimi nilipokuwa mtoto, miaka tisa au kumi hivi, tuliishi bondeni huko Momba, kwenye jua la kufanya kuku waheme midomo wazi, na uani kwetu kulikuwa na mti mmoja tu, mwarobaini wa bibi. Aliuotesha kwenye kopo, akauhamisha, akauzungushia miiba ng'ombe wasiukanyage. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu, maji ya vyombo, maji ya kunawia, yote shinani, na kiangazi kisima kikikauka bibi aliosha uso pale pale ili tone lisipotee.

Kwetu waliamini kwamba anayepanda mti wa kivuli uani hufa siku kivuli kikigusa kizingiti cha mlango wake. Jirani yetu, mama Eliza, alikuwa akipita anamtania, "Bibi, zimebaki hatua ngapi?"

"Mbili. Anza kukusanya kuni za matanga."

Wanacheka. Mimi sikucheka. Kila Jumamosi jua likishapanda nilipima kwa nyayo zangu, kutoka ncha ya kivuli mpaka mlangoni, na mwaka ule zilibaki tatu.

Basi nikafanya nilichomwona baba akifanya shambani, akitaka mti mkubwa ujifie wenyewe. Bibi alipokwenda kanisani nilichukua kisu, nikafukua udongo shinani, nikamenya gome kuzunguka shina lote, nikafukia. Majani yakaanza kuwa njano, yakapukutika. Bibi akaongeza maji, akaniambia na mimi niongeze, nikaongeza, huku najua.

Kiangazi kilichofuata aliugua, miguu ikavimba. Ndani bati lilichoma kama kikaango. Akamwambia mama, "Nitoeni nje, mwanangu, nilazeni kivulini kwangu."

Mama alichungulia nje, matawi yalikuwa matupu. Walimtoa hivyo hivyo, wakamfungia kanga juu ya vijiti, upepo ukaipeperusha, wakaifunga tena, ikapeperuka tena. Alikufa saa saba mchana, jua likiwa usoni mwake.

Msibani mama Eliza alisema mti ndio ulimvuta, ulitangulia kukauka ukamwita mwenyewe. Watu waliitikia, na mimi niliitikia. Sijamwambia mtu mpaka leo, hata mama.

Sasa niko Tunduma, nina mtoto wa miezi minne, na kila anayekuja kumwona ananiachia la kuogopa, usimtoe nje jioni, mfunge uzi huu, mnyweshe dawa hii kabla hajaota jino. Naogopa yote, sidanganyi, kidato cha nne hakikunitoa hofu. Nakishika kikombe cha dawa, nakiweka chini, nakishika tena. Bibi hakuwahi kuniuliza kwa nini mti wake ulikauka. Angeuliza, ningemwambia nilikuwa namwokoa, na ingekuwa kweli.