Ushujaa wa Miguu Migumu

Huko Basotu, enzi za Mwingereza, ukimtaja Gidamis mbele ya wafugaji hukuulizwa Gidamis yupi. Ni yule aliyesimama mbele ya simba. Wenzake walikimbia mguu niponye, na Gidabuday, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alipanda mgunga bila kuhisi hata mwiba mmoja. Gidamis peke yake alibaki wima, hatikisiki. Simba alimtazama, akamchoka, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba Gidamis alitaka kukimbia kuliko wote. Moyo ulishafika nyumbani zamani, ila miguu ilikaza ikagoma. Ilikuwa hivyo tangu utoto wake: akishtushwa, au akiinuka ghafla baada ya kukaa sana, misuli inajifunga na kukataa kuachia. Akijikongoja hatua chache inalainika, anatembea kama mtu yeyote. Sasa jamani, mtu ameshapewa kigoda cha mbele na kibuyu cha kwanza cha pombe ya asali, aanze kueleza kwamba siku ile alikuwa anatafuta njia ya kutoroka? Alinyamaza. Na sifa zilimnogea, tusimfichie.

Miaka ikapita, akapata binti, Kornelia, na binti akarithi miguu ya baba. Alipoanza shule ya misheni ndipo shida ilipoanza. Mwalimu Hermani akiingia darasani watoto wote walisimama kwa pamoja kumwamkia shikamoo. Kornelia aliganda nusu juu nusu chini, au akaanguka pamoja na benchi. Mwalimu aliona jeuri tupu. Alimchapa, na kesho yake akamchapa tena.

"Baba yako alisimama mbele ya simba," alimwambia. "Wewe kusimama mbele ya mwalimu kunakushinda?"

Akampa muda mpaka kikao cha wazazi: abadilike, au arudi nyumbani kuchunga ndama. Kornelia, ambaye alikuwa ameanza kusoma maneno mazima na hataki kuonana na ndama yeyote, alilia mpaka sauti ikamkauka. Gidamis aliumia sana. Alijua zile fimbo zilikuwa zake.

Akamchukua wakaenda Katesh, ambako daktari mmoja Mzungu alikuwa akipita na gari lake kutibu watu. Daktari aligonga nyama ya chini ya kidole gumba cha mtoto kwa nyundo ndogo ya mpira. Kidole kikajikunja kiganjani, kikakaa huko huko. Akagonga cha baba, kikafanya vile vile. Wakabaki wawili wanavitazama vidole vyao kama wageni.

"Si jeuri, si uchawi," daktari akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Ugonjwa wa msuli, wa ukoo. Hauui."

Akawaeleza kwamba kwao Ulaya msuli wa namna hiyo huchomwa sindano yenye waya, mashine ikausikiliza, na unanguruma kama pikipiki hata baada ya mwenyewe kuuamuru upumzike. Kwa nini unanguruma, hakujua. Wataalamu walikuja kujua miaka mingi baadaye: ngozi ya msuli ina vilango vidogo mno vya kupitisha chumvi. Chumvi hii hii ya kwenye mboga ina sehemu mbili. Moja ikiingia huuamsha msuli, na ya pili huutuliza. Kwa Gidamis na bintiye, vilango vya ile ya kutuliza vilikuwa vizito kufunguka.

"Mwambie mwalimu," daktari akasema. Kwake ilikuwa rahisi, hakuwa na kigoda cha kupoteza.

Siku ya kikao Gidamis aliketi uwanjani na wazazi wenzake, akasema yote. Kwamba hakumkabili simba kwa ushujaa, miguu iligoma, na mtoto ana ugonjwa ule ule. Watu wakacheka, wakasema anajishusha. Aliyekataa zaidi ni Gidabuday, maana kukimbia ukamwacha shujaa ni afadhali kuliko kumwacha mgonjwa.

"Basi nishtue," Gidamis akamwambia. "Muda wowote unaotaka. Nitajaribu kukimbia."

Kikao kikaendelea na habari za paa la shule. Watu walipokwisha kusahau, Gidabuday akanyata nyuma yake na kukigonga kwa nguvu kile chuma cha gurudumu kinachotumika kama kengele. Gidamis akajiinua akimbie, akaanguka kifudifudi, mzima mzima, mikono imenyooka mbele na vumbi mdomoni. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu shujaa hakuinuka.

Mwalimu Hermani aliwahi kumshika bega amnyanyue. Kornelia, aliyekuwa pembeni na watoto wenzake, alikuwa ameshafika kwa mwendo wake wa taratibu, akaketi chini karibu na kichwa cha baba yake.

"Mwache kwanza, mwalimu," alisema. "Huwa tunasubiri kidogo."

Mwalimu akaachia bega. Akasimama pale pale, fimbo ikiwa kwapani, akasubiri.