Mwalimu Mwenye Maneno Mengi

Wifi yangu alipoanza kujifunza urubani, mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Mtu ana miaka hamsini na ushei, ameuza dawa kaunta maisha yake yote, leo ndiyo anaota mabawa? Tangu kaka yangu, mumewe, afariki alikuwa amepunguza maneno, na vyumba vyake viwili juu ya duka la dawa vilikuwa kimya mpaka unasikia friji ikinguruma.

Pale chuoni mwanafunzi huchagua mwenyewe mwalimu na ndege. Wenzake, vijana wenye haraka zao, waligombania ndege mpya yenye skrini na viti vipana. Yeye akachukua ile kuukuu, nyembamba, ambayo ukikaa bega lako linagusana na la mwalimu. Na mwalimu akamtaka yule waliyembandika jina la Redio, kwa kuwa tangu injini iwake mpaka izimwe hafungi mdomo.

"Wote wanamkimbia huyo," nilimwambia. "Masikio yako yatapona kweli?"

"Acha, wifi. Hizo kelele ndizo ninazozitaka. Tangu kaka yako aondoke, nani mwingine anakaa karibu yangu hivyo?"

Kosa lilikuwa kwenye kelele hizo hizo. Kila wakitaka kutua, Redio huanza: "Punguza moto wa injini. Subiri. Subiri kidogo. Haya, vuta usukani taratibu." Naye anavuta, magurudumu yanagusa lami bila hata mshtuko. Lakini vijana wote walishaachiwa ndege wakaruka peke yao, hatua ambayo bila hiyo leseni hupati, na yeye bado. Siku moja mkuu wa chuo akakaa mahali pa Redio, akanyamaza. Ndege ikadunda kama mpira.

"Mama, anayetua siyo wewe," mkuu akamwambia. "Ni sauti ya yule bwana. Badilisha mwalimu, au tuishie hapa."

Alinipigia simu akilia. Nilidhani ataacha, na kusema kweli nilitaka aache. Kumbe keshoye akaenda kwa mwalimu wanayemwita Bubu, ambaye hata salamu huitikia kwa nyusi. Alikuwa akirudi nyumbani amenuna, eti ni kama kuruka na kabati.

Asubuhi moja, walipokwisha kutua, Bubu alifungua mlango injini ikiwa bado inanguruma. Akashuka, akakifunga mkanda kiti chake kitupu ili usije ukanasa kwenye usukani wa upande wake, akaondoka zake kwa miguu. Ndiyo desturi yao: hawakuambii mapema kwamba leo unaruka peke yako, usije ukakosa usingizi. Wifi akapaa, akazunguka, akatua. Wenzake wakammwagia ndoo ya maji, hiyo nayo ni desturi yao.

Jioni nilimkuta amekaa kitandani, nywele bado mbichi.

"Uliogopa?"

"Hapana."

"Ulimkumbuka kaka?"

"Nisikudanganye, wifi. Kule juu nilisikiliza injini tu. Sikumkumbuka hata kidogo. Ndiyo mara ya kwanza."

Nikamkumbatia, nikampongeza, na nilimaanisha. Halafu nikashuka ngazi, nikasimama mbele ya duka lililofungwa, nikalia, maana hadi siku ile tulikuwa wawili tunaomlilia kaka.