Cheti Tulichokisubiri Kwenye Dirisha la Wafilipino

Siku ya kwanza kwenda konsula, ofisi ya ubalozi wa Wafilipino pale Washington, nilivaa suti. Yule mama wa Kifilipino niliyetaka kumwoa aliniambia haina haja, watu wanakwenda na nguo za kazi. Nikamwambia siendi kuomba mke nimevaa ovaroli. Shule niliachia darasa la nne. Kiingereza nimejifunzia jikoni mwa hoteli moja kule Herndon, nikisugua masufuria, na gari langu la kusafishia mazulia nimelinunua kwa jasho langu, sikukopeshwa na mtu. Kwa hiyo nikiingia ofisi ya serikali, iwe ya nchi yoyote, naingia kama mtu.

Yeye alikuwa analea mzee wa Kimarekani huko Takoma Park, mzee asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Nilikwenda kusafisha zulia la nyumba ile nikakuta samaki wa ukwaju jikoni. Nikasema hicho ni chakula cha kwetu Tanga. Akasema wee, hicho ni cha kwetu. Tukabishana mpaka zulia likakauka. Haukupita mwaka tukawa tunakula pamoja kila Jumapili, siku yake ya mapumziko. Mke wangu alikuwa ameshafariki siku nyingi. Yeye mumewe alikuwa hai, huko visiwani kwao, anaishi na mwanamke mwingine tangu watoto wao wawili wakiwa wadogo. Mimi hilo sikuliona kuwa ni jambo. Kwetu sisi Waislamu watu wakishindwana talaka inaandikwa, kila mtu anashika njia yake. Nilidhani dunia nzima iko hivyo.

"Kwetu hakuna talaka," akaniambia.

"Hakuna vipi?"

"Hakuna. Sheria haina kitu hicho."

Jirani yangu, Mkenya mmoja aliyekuwa dereva wa teksi, alicheka aliposikia. "Mzee, si mwende tu Upper Marlboro? Korti ya pale ina-divorce watu kabla ya lunch."

Nikampelekea mwenzangu wazo hilo. Akatikisa kichwa. "Karatasi ya Upper Marlboro mwisho wake uwanja wa ndege. Nikishuka kule mimi bado mke wa mtu, na wanangu watachekwa sokoni." Alichokitaka yeye ni karatasi ya konsula yao, ile inayosema mtu yuko huru kuolewa. Jimbo letu la Maryland haikuidai. Aliidai yeye, na bila hiyo hakuna ndoa.

Ndipo tukaenda. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, kuta zimejaa matangazo, moja likiwaita wajiandikishe kupiga kura, maana wakati huo ndiyo kwanza wamepewa ruhusa ya kupigia kura ugenini. Kando yangu alikaa mzee wao mmoja mwenye kofia ya jeshi la majini la Marekani. Akaniuliza nimefuata nini, nikamwambia. Hakushangaa.

"Sisi tulikuja kama wapishi wa melini," akasema. "Tunawapikia maofisa, tunawapigia pasi mashati. Hapa tulikuwa tunakuja kwa pasipoti tu, na tunaongea kwa kunong'ona kama kanisani. Halafu wakaja wauguzi, wakaleta kelele. Sasa wanakuja hawa wanaolea wazee. Watu wanabadilika, dirisha ni hilo hilo. Ukizaliwa linaandika, ukioa linaandika, ukifa linakusafirisha."

"Na ukiachwa?"

"Hapo sasa," akasema, akavuta kofia yake machoni.

Binti wa dirishani alikuwa mpole. Alimwita mwenzangu dada mkubwa, kwa lugha yao, akayasoma makaratasi yote. Akasema katika vitabu vyao huyu bado ameolewa. Kuna kesi ya kubatilisha ndoa, lakini inaendeshwa kule nyumbani, na inakula miaka. Halafu akashusha sauti. "Au kama mume amefariki. Ukileta cheti cha kifo tunakuandikia."

Tulipotoka nje mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi, mzee, tumsubiri."

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Yule mwanamume alikuwa na shinikizo la damu, na figo zake zilikuwa zimeanza kumchosha. Habari tulizipata kwa binti yake mwenzangu, kila Jumapili, kwa kadi ya simu ya kukwangua. Nikawa naisubiri simu ile kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira. Wakishaongea ya shule na ya mvua, mimi naingiza langu: "Na baba yake hajambo?" Mwanzoni mwenzangu aliona ni utu. Jirani yangu hakudanganyika. Kila tukikutana kwenye lifti: "Mzee, mgonjwa wako anaendeleaje?" Nikimwambia ametoka hospitali, ananipa pole. Ananipa pole kwa sababu mtu amepona, na mimi napokea.

Baada ya sala ya alfajiri nilikuwa namwomba Mungu amchukue. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Niliomba hivyo miaka minne.

Wafilipino wana desturi ya boksi. Kila nyumba ina boksi kubwa linajazwa taratibu, sabuni, kahawa, nyama ya kopo, viatu vya watoto, na likijaa linakwenda kwao kwa meli. La mwenzangu lilikaa kwangu, na gari la kulipeleka kwa wakala lilikuwa langu. Mwaka ule wa mwisho, nikilifunga kwa utepe wa gundi, nikaona chupa tatu za vidonge zimeviringishwa kwenye taulo, jina la mumewe limeandikwa kwa kalamu. Dawa za presha. Hakunificha. Hakuniambia tu, na nadhani hakuona kuwa ni jambo la kuniambia. Alikuwa baba wa wanawe.

Nilizitoa. Nikaliziba boksi, nikalipeleka. Zile chupa nikazitupa kwenye pipa la taka la kituo cha mafuta.

Alikufa miezi mitano baadaye. Daktari aliandika figo. Sijui kama vidonge vile vingemwongezea hata wiki, na sitajua.

Cheti cha kifo kilipofika kwa posta nilivaa tena suti. Mwenzangu alivaa gauni jeusi, nami nikaliheshimu. Asubuhi ile tulikuwa njiani, bahasha iko mapajani mwake, akasema bila kunitazama: "Binti yangu anasema dawa za baba yake hazikuwemo kwenye boksi."

Nikasimama kwenye taa za barabarani.

"Ulilifunga wewe."

Ningeweza kusema zimeibwa bandarini. Maboksi yanaibiwa, angeamini, au angetaka kuamini. Lakini mimi tangu niingie nchi hii sijapata kumdanganya mtu ili anipe kitu, na ujinga wangu ni kwamba siku hiyo bado nilijivunia hilo.

"Nilizitoa," nikasema.

Hakupiga kelele. Taa ilikuwa nyekundu, ikawa kijani, wa nyuma yangu akapiga honi. "Endesha," akasema.

Dirishani alikuwa binti yule yule. Alisoma cheti, akampa pole, kisha akanitazama mimi na suti yangu, akatabasamu. Waliongea Kiingereza, kwa hiyo kila neno nililisikia.

"Dada, tukuandikie leo ile karatasi ya kuolewa?"

"Hapana. Nataka pasipoti mpya. Nirudishie jina la baba yangu. Nakwenda nyumbani."

"Na huyu mzee?"

"Ni dereva," akasema.

Niliinuka nikaenda kulileta gari, kwa sababu nilikuwa nimeliegesha mbali na sikujua kitu kingine cha kufanya. Nililileta mpaka mlangoni, nikawasha taa za dharura, nikangoja. Adhuhuri mlinzi akaja kugonga kioo akaniambia yule mama mwenye gauni jeusi ametoka zamani, ameshika njia ya kwenda kwenye treni.