Nyayo za Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna aliyeshona pindo la gauni likanyooka kama lake. Cherehani yake ilikaa sebuleni, kando ya dirisha, na miaka yote aliikanyaga peku. Alisema mguu ukivaa kiatu unakuwa kiziwi.

Alikuwa na sukari, lakini dawa alimeza na kazi ilienda. Asubuhi moja mumewe, dereva mstaafu asiyeishiwa utani, alikuwa akifagia vipande vya vitambaa akaona matone ya damu kutoka kwenye cherehani hadi jikoni.

"Mama watoto, nani kachinjwa humu?"

Mama Pindo akainua mguu. Pini ilikuwa imezama kisiginoni, na mwenyewe hana habari.

"Si pini tu?"

"Pini tu, na hujaisikia?" Safari hii mumewe hakucheka. Akampeleka zahanati.

Nesi alisafisha jeraha, kisha akamwambia afumbe macho. "Nitakugusa nyayo kwa uzi. Ukisikia, sema."

Mama Pindo akasubiri weee. "Haya, anza basi, mwanangu."

"Nimeshamaliza, mama."

Mama Pindo akafumbua macho. Nesi akamweleza taratibu: sukari imefifisha hisia za miguu, kwa hiyo kidonda kinaweza kuchimbika bila yeye kujua. Asitembee peku hata ndani. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Na kila siku nyayo zikaguliwe, mpaka katikati ya vidole.

Mwanzoni viatu vilimtia wazimu. Mapindo yalienda upogo, akavirusha mlangoni. Mumewe akavirudisha. Polepole Mama Pindo akazoea kuifuata mashine kwa sikio.

Ukaguzi ukawa wa mumewe. Jioni, mwanga ukiwa bado dirishani, huvaa miwani na kupakata miguu ya mkewe. "Tairi la kulia, safi. La kushoto... hebu ngoja. Hapa pamekuwa pekundu."

Lilikuwa lengelenge, kiatu kilibana. Mama Pindo akanyoosha mkono kuchukua sindano.

"Thubutu!"

Wakarudi kwa nesi, likafungwa vizuri, wakanunua viatu vipana. Likapona lisiwe kidonda.

Sasa binti yao akija huwakuta hivyo sebuleni. Juzi alimuuliza mama yake kama haoni aibu.

"Aibu ya nini? Tangu tuoane, huyu hajawahi kunitazama kwa makini hivi."

Mzee akajifanya hajasikia, akageuza mguu wa pili.